Mpira Mmoja wa Wasichana wa Gojal

Alhamisi, baada ya kukamua ng'ombe, Nigar alishuka mtoni mazoezini, akautuliza mpira kwa mguu wa kulia, na mpira haukutoka tena. Haukuwa na gundi. Ulikaa tu ubavuni mwa kiatu, na alipovua kiatu ukahamia kwenye ngozi.

"Basi ufute tope kabla hujapanda kitandani," mama yake alimwambia.

Nigar alikuwa na miaka kumi na saba, na bonde zima la Gojal, huko milimani Pakistani, halikuwa na mshambuliaji wa kumfikia, isipokuwa labda Gulnur, wa timu yake mwenyewe. Kwa miaka miwili walikuwa wakihesabiana mabao kama wake wenza wanavyohesabiana zamu. Pasi hawakupeana.

Kocha wao, mwalimu Sherbaz, alikipitia kitabu cha sheria akaona hakuna kosa, kwa kuwa mkono haukuhusika. Jumapili Nigar alitembea na mpira mguuni hadi wavuni mara kumi na moja. Kila baada ya bao wapinzani walimsindikiza hadi katikati ya uwanja, wakaugusa mpira kidogo kama sheria inavyotaka, wakamwacha aende zake. Kwenye bao la nane Gulnur alijikalia juu ya jiwe.

"Inuka, tunacheza," Nigar alisema.

"Unacheza wewe. Sisi wengine tumekuja harusini kwako."

Shida ilikuwa kwamba wasichana walikuwa na mpira huo mmoja tu. Wavulana walikuwa na mipira sita na uwanja wa nyasi kule juu. Wasichana walipewa mawe ya kando ya mto. Sherbaz aliiandikia kamati ya michezo ya kijiji. Kamati ilijibu kwamba wasichana tayari wana mpira, na kwa taarifa zilizopo unatumika sana.

Wachezaji wakaanza kubaki nyumbani kuchambua viazi. Wiki ya pili alikuja Gulnur peke yake. Alikimbia pembeni, akakata ndani, akasimama mbele ya goli akingoja, kisha akarudi kuanza upya.

"Unafanya nini?" Nigar aliuliza.

"Ninachofanya kila siku. Leo ndiyo umeniona?"

Nigar alirudi nyumbani, akaufuta mpira tope.

Kwa fainali dhidi ya kijiji cha chini wachezaji wote walirudi. Dakika ya mwisho ilifika wakiwa sare, bao moja la Nigar na moja la wapinzani, waliomsukuma pamoja na mpira wake hadi golini kwao wenyewe kina Nigar, na sasa mabeki watano walikuwa wamemzunguka. Aliinua kichwa, akamwona Gulnur akikata ndani. Safari hii alitaka, kwa moyo wake wote, mpira uwe kule. Mguu ukawa mwepesi. Gulnur hakuutuliza, aliupiga ulivyokuja, ukaingia.

Walikumbatiana kwa shida, kama watu wasio na mazoea hayo.

"Umechelewa miaka miwili," Gulnur alisema.

"Nisamehe, dada."

"Dada? Si umenizidi miezi mitatu wewe! Haya, endelea tu kuniita hivyo."

Mwenyekiti wa kamati aliusifu ushindi kwa maneno mengi, na Jumatatu akawapa wavulana wavu mpya. Wasichana kumi na sita walishuka mtoni na mpira wao mmoja. Ulimganda kipa kwa dakika chache, wakausubiri, wakaendelea. Siku hiyo Nigar aliugusa mara sita tu. Nyumbani alikula mabakuli mawili ya supu, akamwambia mama yake kwamba hajawahi kucheza vizuri namna ile.