Kibali cha Jicho la Badar

Siku Darwesh alipopanda treni ya Kigoma, mkewe Khole alimfungia mkate wa kumimina na chupa ya asali. Kutoka Kigoma angevuka ziwa hadi Kalemie, upande wa Kongo, kuuza nta. Babu zao walikwenda huko kwa miguu, na misafara.

"Nikirudi tunaezeka baraza," alisema. Khole hakumwona tena.

Ijumaa, baada ya swala, Ami Abdulnasser, ndugu wa baba yake Khole, aliingia na wazee wawili. Khole alipowaona wakivua viatu kimya kimya, aliinuka mkekani.

"Mumeo mgonjwa, binti yangu. Ni figo. Amelazwa Kalemie tangu Jumanne, na mashine ya kusafisha damu hawana."

"Tangu Jumanne, Ami? Na mimi naambiwa leo?"

"Mke hapewi habari kama hii kwa simu. Nilingoja wazee tukusanyike."

Khole alijitupia baibui, akakimbia kwa kaka yake Badar, mfanyabiashara wa asali mwenye ndege yake ndogo. Habari zilikuwa zimeshamfika.

"Kaka, washa ndege."

"Mimi naishia Kigoma, Khole."

"Kigoma kalazwa nani?"

Badar akamwonyesha cheti chake cha afya. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani. Daktari wa marubani alimruhusu kuruka, lakini kasoro ile akaiandika chetini. Ndani ya Tanzania, hakuna neno. Akitaka kuvuka mpaka, nchi anayoingia lazima iridhie kwanza.

"Jicho linaiona Kigoma, Kalemie halioni?"

"Linaona, dada yangu. Lakini nikitua bila kibali, ndege inazuiwa na mgonjwa anabaki kitandani. Ningejua Jumanne, kingekuwa kimeshatoka. Sasa ofisi zimefungwa mpaka Jumatatu."

"Basi aje kwa boti, umpokee Kigoma."

"Nimeuliza. Daktari anasema atafia majini."

Badar alituma ombi jioni ile ile. Khole alikaa na simu mapajani, akisoma Yasini, akipotea katikati, akianza upya. Jumamosi ikapita hivyo.

Jumapili asubuhi Selemani, mwenyeji wa Darwesh kule Kalemie, alipiga. Safari hii hakupitia kwa Ami. Adhuhuri walikuwa wameshamzika, kwa kuwa maiti hacheleweshwi. Walimwosha vizuri, alisema alipopiga tena, na watu walijaa.

Jumatatu kibali kikatoka. Badar alikuja nacho mkononi, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Nitakupeleka ukamwone alipolala," alisema. "Wamenipa mwezi mmoja."

"Nimo edani, kaka. Sitoki miezi minne na siku kumi."

Badar akainama. Hilo hakuwa amelifikiria.

Siku hizi Ami Abdulnasser huja kila Ijumaa, hupiga hodi, kisha huketi juani kwenye baraza isiyo na paa. Khole humpelekea kahawa. Kibali kitakwisha kabla ya eda.