Viatu Vilivyopwaya

Kwa mara ya tatu mwezi ule, viatu vya Shangazi vilirudi juu ya meza ya fundi. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi laini, kazi ya mikono yake mwenyewe, na lalamiko lilikuwa lile lile: vinapwaya.

Fundi alijikuna kichwa. Mara ya kwanza alikuwa amebana kisigino na ubavu, mara ya pili akaongeza kitambaa ndani. Mteja ni mfalme, na mteja ambaye ni dada wa baba yako hana wa kumpinga. Lakini sasa alipovilaza juu ya karatasi aliyochorea nyayo za Shangazi, aliona kwamba viatu vilikuwa vyembamba kuliko mchoro. Mguu ule uliingiaje humo, seuze kupwaya?

"Shangazi, hebu vua soksi."

Shangazi alicheka. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minne, na kazi ya kuamuru ilikuwa yake. Hata hivyo alivua. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimechubuka hadi nyama nyekundu, na soksi ilikuwa imegandiwa na damu. Aliinama akakitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Hiki nacho kimeanza lini?" akauliza.

Aibu ilimpanda fundi hadi masikioni, maana aliyebana viatu ni yeye. Lakini udadisi ulikuwa na nguvu kuliko aibu. Alichomoa unywele mmoja mgumu kutoka kwenye brashi ya kiwi, akamwomba Shangazi afumbe macho na aseme kila atakapoguswa. Akagusa kisigino. Kimya. Akagusa unyayo, kisha vidole, kimoja kimoja.

"Anza basi, mwanangu. Nasubiri."

Alikuwa ameshamgusa mara saba. Akapanda polepole, na ni juu ya kifundo cha mguu tu ndipo Shangazi aliposema, "Hapo." Fundi akachora kwa chaki pale hisia zilipoanzia, akazunguka mguu mzima. Mstari ulikaa kama ukingo wa soksi. Mguu wa pili ulikuwa vivyo hivyo.

Shangazi alifumbua macho, akauangalia mstari ule. Ndipo akatoa la moyoni: kila alipolala miguu hiyo hiyo iliwaka moto, hata shuka aliliona zito. Ugonjwa wa sukari alikuwa nao mwaka wa tisa.

"Nimeona watu wakikatwa miguu," alisema. "Niliogopa kuuliza."

"Lakini inawakaje, na haisikii?" fundi akauliza.

Kesho yake walilipeleka swali hilo zahanati. Muuguzi alirudia mchezo ule ule kwa uzi wa nailoni, akawaeleza kwamba sukari huharibu mishipa ya fahamu, na mara nyingi huanza na ile mirefu, inayofika miguuni. Alisema mshipa ulioharibika ni kama mlinzi asiyefaa: hupiga kelele za mwizi pasipo mwizi, na mwizi akija kweli, yeye amelala. Kiatu cha saizi yake Shangazi hakukisikia, ndiyo maana alidhani kinapwaya. Kidonda kilisafishwa. Mguu ungepona, mradi ulindwe.

Kidonda kilipofunga, fundi alikuwa ameshona viatu vipya, vipana, kwa kufuata karatasi na si mdomo wa mtu. Alipiga magoti amvishe mwenyewe, lakini Shangazi alimzuia. Muuguzi alikuwa amemwagiza kwamba ndani ya kiatu mkono uutangulie mguu kila mara.

Alikunja mkono wa gauni, akafumba macho, akaingiza vidole viwili ndani ya kiatu taratibu, kama alivyofanya kazi ya ukunga maisha yake yote. Uso wake ulitulia. Karibu na kisigino, vidole vikasimama.

"Huyu amelala vibaya," akasema.

Fundi alipoingiza mkono wake alikuta ncha ya msumari, imechomoza kidogo tu, na aliyeupigilia ni yeye. Alichukua nyundo, akaanza kuuzamisha.

Shangazi alimngoja amalize. Akapapasa tena pale pale, akaridhika, akakiweka kiatu chini, kisha akafumba macho na kunyoosha mkono.

"Haya," akasema, "lete pacha wake."