Jozi ya Kumi na Tisa

Utafiti wa daktari wa magonjwa ya akili ulikwenda kwa jozi: mtu mwenye skizofrenia na ndugu yake wa tumbo moja asiyeugua. Wote wawili wanaingia kwenye mashine, wanapigwa picha za ubongo, kisha picha zinalinganishwa. Jozi kumi na nane zilikwisha kamilika. Ya kumi na tisa ilikuwa na mtu mmoja tu, fundi cherehani mwenye skizofrenia, na fundi huyo alikuwa kaka mkubwa wa daktari mwenyewe.

"Ndugu yangu mbona haji?" fundi aliuliza, huku akikagua mshono wa gauni la hospitali alilovalishwa. "Na aliyeshona hili alikuwa anakimbizwa na nani?"

"Kaka, mimi ndiye mtafiti. Siwezi kujipima."

"Kanuni zinaruhusu," alidakia mwendesha mashine, ambaye hakuna aliyemuuliza. "Mradi picha zako zisomwe na mtu mwingine."

Wiki ya kwanza daktari alikuwa na mafua. Ya pili alikuwa na kikao. Ya tatu alisingizia vibanio vya nywele, kwa kuwa chuma hakiingii kwenye mashine, utadhani vimemwota kichwani. Mashine yenyewe haikumtisha hata kidogo. Kilichomtisha ni picha. Alijua, tena alifundisha wanafunzi, kwamba picha ya mtu mmoja haisemi nani mgonjwa na nani mzima, na kwamba tofauti huonekana ukikusanya watu wengi. Yote hayo aliyajua, na bado aliahirisha.

Wiki ya nne fundi alikunja uso. "Usipoingia, na picha zangu zitoe. Kwenye makaratasi yako mimi ni namba, sawa. Nyumbani je, mimi ni kaka yako au namba?"

Hapo daktari alivua hereni, akavua saa, akavua na vibanio, akalala. Mashine ikaanza kugonga. Katikati ya kelele, sauti ya kaka yake ikamjia kwenye vipaza sauti vya masikioni.

"Daktari, tulia! Unajinyonganyonga kama mteja anayepimwa kiuno."

Alipotoka, fundi alikuwa amekwisha mbembeleza mwendesha mashine aweke picha mbili kwenye skrini, majina yakiwa yamefichwa.

"Haya, mtaalamu. Ubongo wangu upi?"

Daktari aliinama. Akatazama ya kushoto, akatazama ya kulia, akarudi kushoto. Miaka kumi na miwili alikuwa akisoma picha za aina hii.

"Sijui," alisema.

"Hujui?"

"Sijui, kaka." Machozi yalimlenga, na aibu ikamshika. "Niliogopa kuingia. Niliogopa nitaonekana nafanana na wewe."

Neno lilimuuma fundi, na hakujitahidi kuficha maumivu. Mwendesha mashine, ambaye kwa kawaida hapitwi na jambo, alikumbuka ghafla kwamba ana kazi chumba cha pili.

Kisha fundi akavuta viti viwili mbele ya skrini, akakaa, akakipigapiga kile cha pili ili mdogo wake aketi.

"Mimi pia nilikuwa naomba tusifanane," alisema. "Yaani nifanane na wewe, nisome vichwa vya watu miaka kumi na miwili, halafu cha kaka yangu nisikijue?"