Kiapo cha Papa Wasfi

Siku ile ya Desemba 1995 jeshi la Israeli lilipotoka Nablus, ngazi za jengo moja la Molenbeek, jijini Brussels, zilinukia siagi na sukari kuanzia chini hadi darini, na Rukiya, aliyekuwa mpishi, hakutulia hata kidogo. Alipanda, akashuka, akacheka peke yake. Papa Wasfi, jirani yake wa mlango kwa mlango, leo angekula kunafa!

Asiyeijua atauliza, kunafa ndiyo nini hata watu wapagawe? Ni kitamutamu cha kwao mzee: jibini nyeupe na unga wa rangi ya chungwa, kikamwagiwa shira. Huko Nablus, Palestina, watu hukila asubuhi, kimeshindiliwa ndani ya mkate, wamesimama mlangoni mwa duka. Baba yake Wasfi alikila hivyo akielekea kiwandani, walikopika sabuni ya mafuta ya zeituni, wakaimwaga sakafuni, wakaikata vipande na kuipanga minara mirefu kuliko mtu, yenye uwazi katikati ili upepo upite. Rukiya hakuwahi kukanyaga mji huo uliobanwa kati ya milima miwili, lakini angeweza kukupitisha sokoni kwake, maana mzee hachoki kuusimulia. Na kiapo alikijua: mwaka wa sitini na saba, jeshi lilipoingia, Wasfi aliapa wallahi hatatia kunafa kinywani mpaka litoke.

Rukiya mwenyewe alikuwa wa Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambako damu ilimwagika Machi ya 1995 hiyohiyo. Alitaka kuona kwa macho yake mtu akirudishiwa kwao. Alilitaka jambo hilo mno. Akashika sinia kwa mikono miwili, akalipindua.

Kunafa ikatoka nzima, inang'aa! Majirani waliojaa hadi koridoni walipiga makofi, wakapakuliwa kwanza, kwa kuwa mzee alishikilia kwamba wageni watangulie. Yeye alikuwa kwenye simu na dada yake Nuha, aliyebaki Nablus, akipiga kelele za furaha. Halafu kelele zikakatika. Akaweka simu, akakaa, akaisukuma sahani yake.

"Nuha anasema mjini wametoka," alisema kwa Kifaransa chake kizito. "Lakini barabara za kuingia bado wanazishika wao. Sasa wametoka, au hawajatoka? Siwezi kula."

Watu wakaacha kutafuna. Rukiya hasira zikampanda.

"Miaka ishirini na nane! Alors, wao watoke nusu, na wewe ufe na hamu?"

"Niliapa, binti yangu."

"Na kiapo kina kafara, Papa. Lisha masikini kumi, umemaliza. Tena kafara inaweza kutangulia kabla hujakivunja, ndivyo tulivyosomeshwa."

"Masikini kumi niwatoe wapi saa hizi?"

Rukiya akawageukia wenye sahani mikononi. "Donc, nani hapa ni masikini?"

Kila mtu aliutazama ukuta. Hawa walikuwa watu wa kulala njaa na asubuhi kutoka na shati lililopigwa pasi. Radjabu, fundi viatu wa Bujumbura, ndiye aliyewazidi wote: hakuna siku aliyokosa kutaja nyumba yake ya mtaa wa Bwiza inayomngoja. Akakohoa, akalegeza tai.

"Bon. Mimi ni masikini," alisema. "Ile nyumba walishaichoma. Sina kitu."

"Miye pia munihesabu!" akadakia Mathilde wa Bukavu. "Niko Mukristu, lakini sina kitu, ata kidogo."

Hapo mikono ikainuka, watu wakishindana na kusukumana kwa vicheko, kumi wakatimia na kuzidi, na kunafa waliyokula ikahesabiwa kafara ya mzee. Mwalimu aliyemsomesha Rukiya madrasa pengine angebisha kwamba kunafa si chakula cha kushibisha masikini, lakini mwalimu hakuwepo, na Rukiya hakuwa na nafasi ya kubishana naye.

Papa Wasfi aliwatazama mmoja mmoja. Akaivuta sahani, akapiga bismillahi, akatafuna polepole, macho ameyafumba.

"Si kama ya kule," alisema mwishowe.

Machozi yalimtoka Rukiya. Aliona kama siku yote imeharibika. Lakini mzee hakuacha kula. Alisimama na sahani yake, akavuta kiti, akaketi karibu kabisa na Radjabu.

"Haya, nieleze," alimwambia. "Hiyo nyumba ilikuwaje?"

Radjabu akaanza na mlango.