Kilo Tatu Pungufu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe 4 Oktoba 1994, mizani ya ghala la forodha ilionyesha kilo sita. Karatasi iliyofuatana na mzigo kutoka Dar es Salaam, iliyoandikwa Ijumaa, ilisema tisa.

"Pungufu kilo tatu," alisema Zebedayo, karani mkuu wa ghala, akaifunika kalamu yake.

Saleha alilitazama sanduku. Lilikuwa jeupe, la plastiki nyepesi, limezungushiwa waya uliofungwa kwa lakiri, muhuri wa madini ya risasi. Yeye alikuwa fundi wa maabara katika kliniki ya ukoma ya Mabawa, na alikuwa amelingoja kwa miezi saba.

"Hakuna kilichopotea, bwana. Ndani mna barafu kavu. Ile haiwi maji, inageuka hewa. Inapungua yenyewe."

"Inakwenda wapi?"

"Hewani."

"Dada, huu mwaka wa kumi na tisa niko hapa. Sukari imekwenda hewani. Saruji imekwenda hewani. Matairi ya trekta nayo, hewani. Kila mtu huniambia hivyo hivyo."

Makuli wawili waliokalia robota la mitumba walicheka.

Zebedayo aliisoma tena karatasi, kidole kikifuata mstari. "Protini ya binadamu. Binadamu gani?"

"Hakutolewa mtu kitu. Imetengenezwa maabara, kwa kufuata maelekezo ya mwili wa mtu. Ndiyo inayozishikisha chembe za neva."

"Gundi."

"Kama gundi."

"Na uzito wake?"

"Mikrogramu hamsini. Kama punje moja ya chumvi."

"Basi niambie, mzigo wa punje ya chumvi unapungukaje kilo tatu?"

Saleha aliomba lakiri ikatwe aongeze barafu. Lakiri, aliambiwa, haikatwi kwenye mzigo wenye upungufu mpaka polisi waandike taarifa ya wizi. Nyuma ya Zebedayo yalikuwa yamepangwa majokofu arobaini mapya ndani ya maboksi, mali ya Mohsin, mfanyabiashara wa mjini. Asubuhi hiyo yalipakiwa kwenye lori. Hakuna lililopimwa.

Kliniki, mzee Uweso alikuwa benchini. Alikuwa fundi cherehani mwenye miaka hamsini na nane, mkazi wa Makorora. Vijidudu vya ukoma vilikwisha mwilini mwake mwaka uliopita, lakini vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeanza kujikunja.

"Shikamoo, mzee Uweso."

"Marahaba, mwanangu. Kile kipimo kimekuja?"

"Kimekuja. Kiko forodhani."

"Basi hakijaja."

Wagonjwa walikuwa arobaini na mmoja. Damu ya baadhi yao ilishukiwa kuishambulia protini ile, na hao ndio ambao neva zao zingekufa. Vidonge vya kuziokoa vilitosha watu kumi na wawili tu. Ukiichanganya damu na protini halisi, ungejua ni akina nani.

Jumatano, kituoni, askari wa zamu aliandika polepole.

"Kilichoibwa?"

"Hakikuibwa. Barafu kilo tatu."

"Mtuhumiwa?"

"Hakuna."

"Wizi hauna mtu? Nitaandika watu wasiojulikana." Akaandika. Mwenye mhuri alikuwa ametoka, akarudi saa nane.

Saa tisa Zebedayo aliliweka tena sanduku kwenye mizani. Kilo tano.

"Polisi wanasema pungufu tatu, mizani inasema pungufu nne. Taarifa hii si ya mzigo huu."

"Ilikuwa ya mzigo huu jana!"

"Sasa je, mmeiba tena?"

"Tumeiba vipi? Ghala lako, na ufunguo unao wewe!"

Makuli hawakucheka. Zebedayo alilifunga daftari, akaweka rula juu yake.

"Unanituhumu?"

"Sikutuhumu, bwana. Nisamehe."

"Rudi kesho. Uje na mkubwa wako."

Alhamisi alikuja na Daktari Amjad, mkuu wa kliniki. Mizani ilisema kilo nne, na siku ile haikushuka tena. Taarifa mpya, aliyoisaini daktari mwenyewe, ilieleza kwamba barafu yote, kilo tano, imeibwa na watu wasiojulikana. Zebedayo aliisoma mara mbili. Akaukata waya upande mmoja, akatoa kichupa kisichozidi ukucha wa kidole gumba, akakielekeza kwenye dirisha. Chini kabisa palikuwa na tone.

"Maji haya."

"Ndiyo hayo," alisema Saleha.

"Ya zamzam?"

Kipimajoto cha ghala kilisoma thelathini na moja. Saleha alikitia kichupa kwenye chupa ya chai aliyoijaza barafu. Sanduku lilibaki forodhani, kama kielelezo, mpaka upelelezi ukamilike.

Ijumaa alifanya kipimo. Damu ya wagonjwa wote arobaini na mmoja haikugeuka rangi. Wala vishimo vya kulinganishia kwenye sahani ya kipimo, vile ambavyo lazima vigeuke njano, havikugeuka. Protini ilikuwa imekufa. Barua ya wafadhili ilikuwa imesema kichupa ni hicho kimoja.

"Vidonge tutagawa kwa daftari," alisema Daktari Amjad.

"Kwa daftari vipi?"

"Namba moja mpaka kumi na mbili. Una njia nyingine?"

Hakuwa nayo. Mzee Uweso alikuwa namba ishirini na tisa.

Jumamosi tarehe 22, saa saba mchana, Saleha alikwenda Makorora kumweleza. Mzee alikuwa kwenye baraza alipoweka cherehani chake, anashona sare za shule. Alisikiliza mpaka mwisho, mguu ukiwa umesimama juu ya kanyagio.

"Haya," alisema. "Kaa, mwanangu. Jua kali hili. Mama Dorkasi! Tupe barafu mbili."

Mwanamke wa baraza la jirani alifunua sanduku jeupe la plastiki. Kipande cha waya kilikuwa bado kinaning'inia, na lakiri yake.

"Sanduku zuri," alisema Saleha.

"Wee! Toka asubuhi haziyeyuki. Mume wangu kaniletea, yuko forodhani. Na friji tumepata mwezi huu huu."

Mzee Uweso alipokea barafu zote mbili, za ukwaju, ndani ya vifuko vyao. Moja alimpa Saleha kwa mkono wa kulia. Nyingine aliikamata kwa wa kushoto, akainama kuutoa uzi uliokwama kwenye sindano. Uzi ulikuwa mgumu kutoka. Kifuko kilipasuka ndani ya ngumi ya kushoto, maji ya ukwaju yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Mzee, baridi hiyo," alisema Saleha.

"Ipi?"