Kistari Mbele ya Jina

Hasira yangu haijaisha, na sitaki mtu aniambie nitulie.

Asubuhi ile mama alinipigia simu kutoka bandarini: amepata nafasi kwenye mashua ya Yanonge. Dada yake alikuwa amefariki huko, na mazishi yalikuwa saa tisa alasiri. Nilifurahi kwamba atawahi. Nikafungua orodha ya abiria, programu niliyoiandika mwenyewe, nione jina lake. Simone Lisungi, namba themanini na sita.

Mashua ile inabeba watu themanini.

Haiwezekani, nilijiambia. Ndani ya programu kuna fanksheni, yaani kipande cha maagizo chenye jina lake, ya `sajili`, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuiita ifanye kazi. Hiyo huhesabu kwanza, na watu wakifika themanini inakataa. Nyuma yake kuna nyingine inayoandika jina tu, bila kuhesabu chochote. Hiyo ni ya ndani, ndiyo maana niliiita `_andika`, na kistari cha chini mbele. Ofisini kwetu kila mtu anajua: jina likianza na kistari, usiliguse kutoka nje.

Nilitazama. Kistari hakipo. Hakuna hata kimoja, programu nzima!

"Ni mimi nilimwambia Eddy atoe," alisema papa Nicolas, mkuu wetu, bila hata haya. "Wageni wanakuja kesho kuangalia programu. Bon, tule tumistari tunaonesha kama tuko tunaficha kitu. Siye hatuna siri."

"Na wewe, Eddy?"

Eddy ndiye anayetengeneza programu ya simu za makarani wa bandari. "Nilipotoa kistari, niliona `andika` iko wazi, tena iko fupi, nikaiita. Donc, kosa yangu iko wapi?"

Nilimtukana. Nilimtukana na papa Nicolas, mtu mzima, na radhi siombi. Kisha nikapanda toleka, nikamwambia mwenye baiskeli akanyage kwa nguvu zote. Eddy akanifuata kwa nyingine.

Nilipomweleza, mkuu wa bandari aliizuia mashua. Nikasimama kwenye ubao wa kupandia, nikasoma majina kuanzia themanini na moja. Watu walishuka na mafurushi yao, wakinilaani. Mama alikuwa amekaa mbele, kitambaa cheusi kichwani, akinitabasamia. Alidhani nimekuja kumuaga.

Eddy akaninong'oneza: "Rosine, toa mutu moja kule juu, uandike mama. Nani atajua?"

Ningeweza. Hicho ndicho kilichoniudhi kuliko yote: ningeweza, kwa kidole kimoja, kwa fanksheni ileile.

"Themanini na sita," nikasema. "Mama, shuka."

Alinipa kikapu chake nimshikie, akakanyaga ubao polepole.

Vistari nimevirudisha vyote. Wageni walikuja, wakaviona. Eddy ameniomba msamaha mara mbili. Lakini mama, tangu siku ile, hajanitajia mazishi ya dada yake hata mara moja. Ananiuliza tu kama nimekula.