Rimu Nne za Baba

Ukitaka kumchokoza mwanamke yule, mwambie rimu aliyoitengeneza inang'aa. Hapo utauona moto. "Inang'aa?" atakuuliza, mikono kiunoni. "Vijiko ndivyo ving'aavyo. Rimu ya asili inatulia." Kisha atachomoa mita yake ya umeme mfukoni, ile iliyompa jina, kwa maana karakana nzima walimwita Mita na wengi hawakujua kama ana jina lingine.

Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo moja: rimu za magari ya zamani ya spoti. Zamani rimu hizo za alumini zilitoka kiwandani zimeogeshwa kwenye tindikali iliyopitishwa umeme, zikavaa gamba jembamba, gumu, lenye weupe wa kupoa, usiong'aa. Gamba hilo si rangi wala si vanishi, limeota kwenye chuma chenyewe. Sasa watu, Mungu awasamehe, wakiliona limefifia hudhani ni uchafu. Watalipiga msasa, watalimwagia kostiki inayounguza, watasugua mpaka wajione sura, halafu wapake vanishi na kukuapia kwamba ndivyo lilivyotoka kiwandani. Mita hakuwa na shida na viapo vya mtu. Aligusisha ncha mbili za mita kwenye rimu. Ikilia, chuma kiko uchi, umeme unapita. Ikinyamaza, kuna kitu juu yake. Hapo alichovya pamba kwenye tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, akasugua kidogo. Vanishi italainika, pamba itanata. Gamba la asili hata halishtuki.

Ujuzi huo aliurithi kwa baba yake, pamoja na karakana, na gari moja la spoti lililokaa chumba cha nyuma chini ya turubai. Rimu zake nne hazikuwahi kuonja msasa. Mzee alipokuwa kitandani, siku zake za mwisho, aliwaita wanawe wawili, Mita na mdogo wake wa kiume. "Gari ni lenu wote," akasema. "Kuzeeka na lizeeke. Lakini rimu zile asiziguse mtu. Zikiguswa, hilo si gari langu tena." Wote wawili waliitikia. Mdogo mtu aliitikia kwa sauti kubwa zaidi, maana ndivyo alivyoumbwa. Hakuitwa Kasuku bure.

Kasuku ndiye aliyekuwa akiongea na wateja. Alikuwa na ulimi wa asali, angeweza kumuuzia kinyozi chanuo lake mwenyewe. Ndiye pia aliyeshika ufunguo wa chumba cha nyuma, kwa kuwa ilikuwa zamu yake kuwasha injini ya gari la baba kila mwezi isije ikaganda. Mita aliingia kila Ijumaa na kitambaa laini, akainua pembe ya turubai na kupangusa rimu zile, akiongea na baba yake moyoni. Mita ya umeme hakuigusisha hata siku moja. Nani ampime baba yake?

Basi asubuhi moja akaja daktari wa meno. Mzee mpole, shati limepigwa pasi, na nyuma ya gari lake rimu nne zimefungwa kwenye mablanketi kama watoto wachanga.

"Nimeelekezwa kwako, mama," akasema. "Nimezipata kwa mtu wa yadi ya magari. Anasema ni za asili. Sasa mimi najua meno tu. Jino gamba lake likiisha halioti tena, nasikia na hizi ni vivyo hivyo."

"Ni vivyo hivyo, Daktari," Mita akacheka. "Tofauti yake, hizi hazipigi kelele."

Akafungua blanketi la kwanza juu ya meza. Akagusisha mita. Kimya. Akachovya pamba kwenye tina, akasugua. Pamba ikatoka na vumbi, basi. Moyo wake ukafurahi, kwa sababu rimu kama hizo aliziona mara moja baada ya miaka mingi. Akaigeuza aangalie mgongoni, akaiinamia karibu zaidi.

Karibu na tundu la kujazia upepo palikuwa na kovu dogo, kiasi cha punje ya mchele. Kovu hilo alilijua. Ndiye aliyelifanya. Alikuwa na miaka tisa, akimshikia baba spana, spana ikamponyoka. Alilia siku ile mpaka kwikwi. Baba hakumgombeza wala hakupiga msasa, alilipangusa tu kwa kidole gumba akasema, "Liache. Sasa na wewe umo kwenye gari."

"Kuna tatizo?" akauliza daktari.

"Hapana, Daktari. Nipe dakika chache. Kaa pale kwenye benchi."

Alikwenda chumba cha nyuma. Mlango ulikuwa wazi, Kasuku yumo ndani, ndiyo kwanza amezima injini ya gari la baba.

"Dada! Mbona mbio? Nani amefariki?"

Hakumjibu. Akavuta turubai lote chini. Rimu nne zimetulia pale pale, weupe wa kupoa, safi. Akagusisha mita. Kimya. Akachovya pamba kwenye tina, akasugua.

Pamba ikanata.

Jamani! Alisugua tena kama mtu aliyesoma vibaya. Ikanata tena, na vanishi ikaanza kuvimba kama ngozi iliyoungua. Mita akapiga jeki, akafungua nati moja moja, akaivua rimu na kuigeuza. Mgongoni mwake palikuwa na nukta tatu zilizopigwa kwa msumari.

Nukta tatu zilikuwa zake. Ilikuwa sheria yake: akitengeneza rimu ya kuigiza, iliyong'arishwa na kupakwa vanishi ifanane na ya asili, anaipiga nukta tatu mgongoni ili asije akamdanganya mtu hata akiwa kaburini. Na rimu hizi alizikumbuka vizuri mno. Miezi sita iliyopita Kasuku alimletea rimu nne za aina ile ile, zimeliwa na chumvi, hazifai. "Mteja wa mbali, dada. Anataka sura tu, gari lake ni la maonyesho. Nifanyie hisani." Yeye kazi za namna hiyo hakuzipenda. Lakini mdogo wake alimbembeleza, akamwambia hakuna mikono mingine nchini inayoweza. Kilemba cha ukoka hicho, naye akakivaa. Alizifanyia kazi wiki tatu. Alichanganya vanishi mara saba mpaka ikapoa sawasawa na za baba. Alikwenda hata kuzitazama za baba apate kipimo!

Mnauliza ilikuwaje mtu kama huyo apanguse rimu za bandia kila Ijumaa asitambue? Ni kwamba mkono uliolidanganya jicho lake ulikuwa mkono wake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu alikuwa ameishona nguo mwenyewe.

"Ulizipeleka wapi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Dada, nisikilize kwanza..."

"Wapi?"

"Kwa yule mwenye yadi. Tulibadilishana." Kasuku alitazama nje ya dirisha, na Mita akafuata macho yake. Uani palikuwa na ile pikapu ya buluu. Lo! Pikapu ambayo aliipigia vigelegele ilipoingia. Pikapu ambayo aliipanda, akiwa na jembe na fagio mapajani, walipokwenda kusafisha kaburi la baba. Njia nzima Kasuku alimsimulia mambo ya mzee, wakacheka mpaka machozi.

"Wewe," akasema. "Tulikaa juu ya rimu zake, tukaenda kumfagilia kaburi."

"Ni vyuma, dada. Baba hayupo. Na wewe hukujua, ulikuwa na furaha zako. Nilimdhuru nani?"

Hilo ndilo lililomchoma. Angekana, angelia, angesema shetani alimpitia, labda moyo wake ungepata pa kushika. Lakini kuambiwa kwamba furaha yake ya kila Ijumaa ilitosha, hata kama ni ya bandia! Alitaka kumzaba kofi, akajizuia.

"Ziko hapa," akasema. "Mteja amezileta nizipime. Njia ya mwongo ni fupi, mwanaume."

Macho ya Kasuku yakawaka. Akamsogelea, akamshika mabega, ulimi umerudi. "Dada, Mungu katupenda! Hajui kitu huyo, si anasubiri neno lako? Mwambie ni bandia. Atazirudisha yadi leo leo, mimi namrudishia mwenye yadi pikapu yake, nachukua rimu. Jioni ziko hapa. Neno moja tu! Sisi ni damu, dada. Nisitiri."

Na ni kweli, ingewezekana. Neno moja, na rimu za baba zingerudi mahali pake. Mita alisimama akiitazama ile ya bandia sakafuni, na hamu ya kusema neno lile ilimjaa mpaka kooni. Alizitaka zile rimu kuliko alivyowahi kutaka kitu. Kisha akaweka mita mfukoni na kutoka, Kasuku nyuma yake.

Daktari aliinuka kwenye benchi. "Haya, mama. Niambie hata kama ni baya."

Mita alizipima zote zilizobaki, moja baada ya nyingine, bila haraka. Kasuku alikuwa akimkonyeza nyuma ya mgongo wa mgeni.

"Ni za asili, Daktari," akasema. "Zote nne. Hazijawahi kuguswa. Zioshe kwa maji na sabuni laini, basi. Mtu akikwambia azing'arishe, mfukuze."

Mzee wa watu alifurahi kama mtoto. Akaipapasa ile yenye kovu. "Na hapa? Nipapake rangi kidogo pafichike?"

"Paache. Mtoto aliangusha spana."

"Umejuaje?"

"Nilikuwepo."

Daktari alimtazama, akamtazama Kasuku, akafungua mdomo. Mita alikuwa ameshaanza kuzifunga mablanketi, taratibu, na kwenye ile ya mwisho kidole gumba chake kilikawia kidogo. Alimsaidia kuzipakia garini mwenyewe. Alisimama barabarani mpaka gari likakata kona.

"Umeziacha ziende!" Kasuku akafoka. "Mimi mdogo wako, ukashindwa kunisemea uongo hata mmoja?"

"Nimekusemea miezi sita," Mita akajibu, "kila niliyemwonyesha lile gari nikamwambia rimu ni za baba. Lete ufunguo."

Kasuku akautoa. Mita akaupokea, akachukua kopo la tina na kitambaa, akaingia chumba cha nyuma na kupiga goti mbele ya rimu ya kwanza. Akaanza kusugua kazi yake ya wiki tatu. Vanishi ilitoka kwa mapande, na chini yake alumini ikabaki tupu, ina madoa ya chumvi, mbaya kuitazama.

"Unafanya nini, dada? Unaliharibu gari!" Kasuku alisema mlangoni.

Mita akagusisha mita kwenye chuma. Ikalia, kwa sauti kali iliyojaza chumba. Hakuiondoa.

"Unasikia?" akasema. "Ndivyo ilivyotakiwa kulia siku ile uliponibembeleza. Miaka yote hii nimepima vyuma vya watu, nikaacha kukupima wewe."

Akahamia rimu ya pili.